Re: Forodha wameshikilia fremu na vipuri vya baiskeli

Dada wa Leipzig
Wadau, habari za Jumapili. Fremu, foki na seti ya gia nilizoagiza Uingereza zimekwama forodha hapa Ujerumani. Rechnung (ankara) nimepeleka, risiti ya malipo nimepeleka. Sasa wanataka Zolltarifnummer (namba ya ushuru wa forodha) ya kila kipande, na wanasema huenda wakavihesabu vyote kuwa baiskeli moja. Wana haki hiyo? Nataka baiskeli nyepesi ya safari, lami na vumbi, ya kupandia Lushoto hadi Mtae, kwetu milima ya Usambara, mwezi wa Desemba. Wamenipa hadi Ijumaa.

Fundi Bremen
Pole dada. Vipuri ni namba 8714, ushuru 4.7%. Baiskeli nzima ni 8712, 14%. Juu yake VAT 19%, inayopigwa hata kwenye gharama ya usafirishaji na ushuru wenyewe. Fremu ya Taiwani iliyopitia Uingereza haina nafuu ya mkataba wa baada ya Brexit, nafuu ni ya kilichotengenezwa kule.

Ila tuambie kwanza gia ni zipi. STI (mikono ya Shimano ya breki na gia pamoja) za spidi 10 ukizifunga na direla (kihamisha mnyororo) ya nyuma ya baiskeli ya milimani ya spidi 10, rudisha: kila moja ina kipimo chake cha kuvuta kebo, gia zitaruka hata ukaze skrubu mchana kutwa. Spidi 9 za Shimano zinaelewana, STI ya barabara na direla ya milimani ya Alivio, kaseti (gia za nyuma) ya meno 11-36. Mbele meno 42/26. Hapo 26 kwa 36 unapanda na mzigo bila kushuka.

Mdau Hamburg
Kaka umeruka breki, na breki ndiyo roho ya mtu kule. Kaliper (vibanio) za breki za diski za kebo ziko za barabara na za milimani. Ya milimani inataka kebo ivutwe ndefu kuliko STI inavyoweza, kwa hiyo mkono wa breki unagonga usukani kabla diski haijashikwa. Kama ni kaliper aina ya BB7, hakikisha imeandikwa Road. Tena abebe kebo mbili za breki za akiba: za madukani kwetu nyingi zina kichwa cha silinda, hakiingii kwenye STI.

Mzee wa Köln
Wanangu, mnazungumza gia wakati tairi hamjaligusa. Inchi 28 ya hapa ni 622, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita. Ile ya Phoenix, 28 x 1½, ni 635, haikai kwenye rimu ya 622. 26 ya baiskeli za milimani, 559, utaipata sokoni kule. Kama fremu ni ya 622, beba tairi moja la kukunja. Upana milimita 47, upepo bar 3.5 kwenye lami, 2.5 kwenye vumbi. Udongo wa Usambara ukilowa unaganda kati ya tairi na foki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, hivyo acha milimita 6 kila upande. Uzito punguza kwenye karia na mabegi. Nyuma weka spoki 36 za unene wa milimita 2.0/1.8, maana upande wa kaseti ndio unaokazwa zaidi na ndiko zinakokatika. Ah, Mtae asubuhi, ukungu umelala bondeni kote hadi Mkomazi!

Mdau Hamburg
Na mwenye paspoti ya hapa analipa dola 50 za viza kwenda kuuona ukungu wa kwao. Uraia pacha lini?

Fundi Bremen
Mdau, hiyo ifungulie mada yake. Mzee, spoki 36 ni sawa kwa mwenye mzigo, ila asiyezidi kilo 80 pamoja na mabegi, spoki 32 zinamtosha.

Dada wa Leipzig
Asanteni. Gia ni spidi 9, tairi 622. Lakini fremu na foki niandike namba moja au mbili?

Fundi Bremen
Kwenye fremu yenyewe, angalia sikio la direla, kile kipande kinachoishikilia. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia ndilo linalopinda, na karibu kila fremu ina umbo lake, Tanga hulipati. Agiza la pili sasa hivi. Na ekseli ya katikati, inayobeba mikono ya pedali, iwe ya nyuzi, kipimo cha BSA 68. Ya kubana bila nyuzi ikianza kulia vumbini, kule hutapata kifaa cha kuitoa.