Mjadala: Albamu ya kwanza ya Jackson 5 ni kazi ya watoto wa Gary au ni bidhaa ya Motown?

Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba albamu ya kwanza ya Jackson 5, iliyotoka Desemba 1969 kwa jina la Diana Ross Presents the Jackson 5, isihesabiwe miongoni mwa albamu kuu za muziki wa soul kama kazi ya kundi hilo, kwa sababu ndugu wale watano hawakutunga nyimbo wala kuchagua lolote, bali waliweka sauti tu juu ya kitu ambacho kampuni ya rekodi ya Motown ilikuwa imekwisha kukitengeneza. Aliyeianzisha hoja ameitetea kwa ushahidi, na sehemu ya ushahidi wake haina ubishi. Hitimisho lake ndilo nisilolikubali.

Ni kweli kwamba "I Want You Back" ilitungwa na timu iliyojiita The Corporation, yaani Berry Gordy, mwenye kampuni, pamoja na Freddie Perren, Alphonzo Mizell na Deke Richards, na kwamba mwanzoni haukuwa wimbo wa watoto hao, kwani ulikusudiwa kundi la Gladys Knight. Ni kweli pia kwamba gitaa la besi linalosikika humo si la Jermaine, mmoja wa ndugu hao, bali la Wilton Felder, mwanamuziki wa studio wa Los Angeles. Hata jina la albamu lilijengwa juu ya uongo: Diana Ross, mwimbaji nyota wa Motown, hakuwagundua watoto wale, na Michael Jackson, mwimbaji wao mkuu, aliyezaliwa Agosti 1958, alitangazwa kuwa na miaka 8 ilhali alikuwa ametimiza 11. Uongo huo ulikuwa wa kibiashara na sina nia ya kuutetea.

Lakini tusiihukumu albamu nzima kwa wimbo mmoja uliovuma. Ina nyimbo 12, na sehemu kubwa kati yake zilisimamiwa studioni na Bobby Taylor, kiongozi wa Bobby Taylor & the Vancouvers, ambaye ndiye aliyewapeleka vijana hao Detroit mwaka 1968 kujaribiwa na Motown baada ya kuwaona jukwaani Chicago. Taylor alitaka waimbe soul yenyewe, ile ya watu wazima, na ndiyo maana aliwapa nyimbo za Four Tops, Marvin Gaye na Stevie Wonder. Baadaye Gordy alimweka kando ili kundi lielekezwe kwenye muziki mwepesi zaidi wa kuuzika kwa vijana. Kama kuna mtu aliyedhulumiwa na jalada lile, ni yeye, na nashangaa kwamba katika michango yote iliyotangulia jina lake halijatajwa.

Tuuangalie pia wimbo "You've Changed". Watoto hawa waliurekodi kwanza kwa Steeltown, kampuni ndogo ya mjini kwao Gary, Indiana, ukawa upande wa pili wa santuri yao ya kwanza, "Big Boy", mwaka 1968. Waliingia Motown wakiwa nao tayari. Waliingia pia wakiwa wameshinda shindano la waimbaji chipukizi katika ukumbi wa Apollo, New York, mwaka 1967, baada ya miaka ya mazoezi makali chini ya baba yao, Joe, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Namna wanavyopokezana sauti, na namna Jermaine anavyojua mahali pa kumwachia mdogo wake nafasi, ni mambo waliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Ushahidi wangu mkubwa zaidi ni "Who's Lovin' You". Huu ni wimbo wa Smokey Robinson, ambao yeye na The Miracles waliurekodi mwaka 1960. Michael analianza neno la kwanza peke yake, analivuta, analipandisha, analivunjavunja na kulishusha kabla bendi haijatulia nyuma yake, kama mwimbaji wa kanisani anayewasubirisha waumini. Naomba msikilizaji azipige rekodi mbili hizo kwa kufuatana. Robinson ndiye mtunzi na anauimba vizuri, lakini ni ya mtoto ndiyo iliyobaki kuwa kipimo cha kila anayethubutu kuuimba baada yake. Taylor aliweza kumsimamia, kumrudisha nyuma na kumwambia arudie, lakini hakuweza kumtilia kooni kile ambacho hakikuwemo.

Mchangiaji mwingine ameuliza kama kuisifu albamu hii si kuhalalisha utumikishaji wa watoto. Swali hilo ni zito na linanigusa. Michael mwenyewe alimweleza Oprah Winfrey kwenye televisheni mwaka 1993 jinsi alivyokuwa akiwaona watoto wenzake wakicheza katika bustani iliyokuwa ng'ambo ya barabara, huku yeye akitakiwa kuingia studio, na jinsi alivyokuwa akilia. Waliomnyima utoto wake walaumiwe waziwazi, na sheria zinazowalinda watoto katika burudani zikazwe. Hata hivyo, hatumtendei haki mtoto aliyetumikishwa kwa kumwambia kwamba hata kazi aliyoifanya haikuwa yake.

Hayo ndiyo waliyotendewa na Motown yenyewe. Walipoamua kuhamia Epic, kampuni nyingine ya rekodi, mwaka 1975, wakitaka pamoja na mengine uhuru wa kutunga na kusimamia nyimbo zao, kampuni ilibaki na jina la Jackson 5, nao wakalazimika kujiita The Jacksons. Kwa hiyo tunapowahesabia kasoro ya kutotunga, tukumbuke kwamba mlango huo walifungiwa, na kwamba ulipofunguliwa waliitoa Destiny mwaka 1978, albamu ambayo karibu nyimbo zake zote walizitunga wenyewe.

Namwomba aliyeianzisha hoja aache kwanza "I Want You Back", kisha atujibu kuhusu "Who's Lovin' You" na "You've Changed": ni kipi hasa ndani ya nyimbo hizo mbili anachoweza kukiita cha Motown, na si cha watoto wale wala cha Bobby Taylor?