Acheni kutuletea orodha ya mataji ya San Diego Sockers bila kusema nani aliiua timu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila mpira wa ndani wa Marekani ukitajwa humu, anatokea mtu anabandika ile orodha ya Sockers: mataji 10 katika misimu 11, kuanzia 1981-82 hadi 1991-92. Watu wanagonga like, uzi unazama. Hakuna anayeuliza ilikuwaje timu ya namna hiyo ikavunjwa, ikafufuliwa, ikavunjwa tena.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, huu si futsal. Kiwanja kina ukubwa wa kile cha magongo ya barafuni, kimetandikwa nyasi bandia na kuzungushiwa kuta. Mpira ukigonga ukuta, mchezo unaendelea. Wachezaji ni sita kila upande pamoja na kipa, robo nne za dakika 15, na mnabadilishana bila kusubiri filimbi. Ukicheza rafu mbaya unakaa nje dakika mbili na wenzako wanabaki pungufu. Ni mchezo wa kasi ya kutisha, kwa hiyo anayeuita bonanza la wastaafu aniambie Kazimierz Deyna alikuwa nani. Nahodha wa Poland iliyoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 1974, alipita Manchester City akaja kumalizia mpira wake hapo San Diego. Steve Zungul naye alitoka Hajduk Split, akabeba mataji manne ya kwanza ya MISL, ligi ya mpira wa ndani ya Marekani, na New York Arrows kabla ya kuvaa jezi ya Sockers. Kuna Juli Veee, Branko Segota, Brian Quinn. Na juu yao wote yupo kocha Ron Newman, Mwingereza aliyeinoa timu tangu 1980 hadi 1993. Mwaka 1986 kwenye fainali ya mechi saba, Minnesota Strikers walikuwa mbele kwa mechi 3-1, umebaki ushindi mmoja tu wa kuwamaliza Sockers. Sockers wakashinda mechi tatu mfululizo wakachukua kombe 4-3. Hao ndio mnawaita wastaafu?

Sasa turudi kwenye hasira yangu.

Timu hii tangu kuzaliwa kwake ilichukuliwa kama mzigo wa kuhamishwa. Ilianzia Baltimore mwaka 1974 ikiitwa Comets. Mwaka 1976 ikapelekwa San Diego ikaitwa Jaws. Mwaka uliofuata iko Las Vegas, jina Quicksilvers. 1978 ikarudishwa San Diego, ndipo ikawa Sockers. Miji mitatu na majina manne katika misimu mitano! Wale waliokata tiketi Baltimore nani aliwauliza? Sisi tulioona Ihefu ya Mbarali ikigeuzwa Singida Black Stars mwaka 2024 tunajua maumivu ya jambo hili, lakini tukifika kwenye historia ya wenzetu tunaruka kurasa hizo haraka haraka ili tufike kwenye makombe.

Mwaka 1988 Sockers waliifunga Cleveland Force mechi nne kwa sifuri kwenye fainali. Mnajua Force walifanywa nini kiangazi kile kile? Walivunjwa. Timu iliyocheza fainali! Zikafa pia Chicago Sting, St. Louis Steamers na Minnesota Strikers, hao hao wa ile fainali ya 1986. Ligi ya MISL ikashuka kutoka timu 11 hadi 7. Wenye mali walikuwa wakilia gharama, na dawa yao ilikuwa kuwabana wachezaji washushe kiwango cha mishahara. Wachezaji wakakubali kubanwa, na ligi ikafa vilevile.

Maana mwaka 1992 Sockers wakawafunga Dallas Sidekicks, wakachukua taji la tano mfululizo. Ikafika Julai, Tacoma Stars na St. Louis Storm wameshaondoka, zimebaki timu tano, ligi ikatangaza kufungwa. Bingwa mtetezi akabaki hana mahali pa kutetea ubingwa wake. Wakahamia ligi mpya ya CISL iliyoanza 1993, wakafika fainali, safari hii Dallas wakalipiza. Baada ya msimu wa 1996, kwisha. Hapakuwa na timu.

Na hata hapo hawakujifunza! Jina likafufuliwa mwaka 2001. Desemba 2004, katikati ya msimu, timu ikafungwa tena. Katikati ya msimu, jamani. Mchezaji ana mkataba, ana kodi ya nyumba, mtoto yuko shule, anaambiwa hakuna kazi. Shabiki ameshapanga mechi za Januari. Kwenye zile orodha zenu jambo hili huwa halipati hata mstari mmoja, mnaruka moja kwa moja hadi 2009 iliporudi, mnaanza kushangilia mataji manne ya mfululizo ya ligi nyingine mpya, PASL, na zile mechi 48 ilizoshinda bila kupoteza hata moja.

Mechi 48 ni rekodi nzito na ninaiheshimu. Lakini aliyeivaa jezi ile mwaka 1992 na aliyeivaa 2012 hawakuunganishwa na klabu. Katikati palikuwa na miaka ambayo klabu haikuwepo, na walioshikilia uzi ni mashabiki na wachezaji wa zamani, kwa kumbukumbu zao tu. Hawakuwa na kadi ya uanachama wala mkutano mkuu wa kumzomea kiongozi kama tunavyofanya Simba na Yanga. Mwenye timu akichoka, anafunga mlango.

Sasa wanachezea Oceanside, kwenye ukumbi mpya wa Frontwave uliofunguliwa 2024, wameuacha ule wa zamani wa Sports Arena walikochezea enzi za yale mataji 10. Nawatakia heri kwa moyo wote.

Ila mtu yeyote atakayebandika tena orodha ya mataji humu, aweke na 1992, aweke na 1996, aweke na Desemba 2004. Nikikuta hazipo nitaziandika mwenyewe chini ya uzi wake, na nitaendelea kuziandika.