KERO: Acheni kupaka kijani baiskeli za juzi na kutuuzia kuwa za Vita vya Pili

Wakuu,

Uzi huu ni wa hasira na sitapunguza makali. Kila mara kuna mtu anaweka picha ya baiskeli ya breki za fimbo, imepakwa kijani kibichi kuanzia madigadi mpaka spoku, na maelezo ni yale yale: "ya jeshi la Mwingereza, orijino, 1942, babu alirudi nayo kutoka Burma". Kwa bei anayotaja unapata pikipiki iliyotumika. Chini wanunuzi wanagombania bei ya mwisho. Wa kuuliza namba ya fremu hayupo.

Tuanze na hicho kijani. Kuanzia 1942 mpaka mwanzoni mwa 1944 rangi ya kawaida ya magari na vifaa vya jeshi la Uingereza ilikuwa kahawia, kwa namba yake SCC 2. Kijani cha zeituni, SCC 15, kiliingia 1944. Zote mbili ni rangi zilizofifia, hazing'ai. Wewe umepaka rangi ya geti halafu unaandika 1942! Anayetaka kujua rangi ya kwanza asiangalie bomba la juu. Afungue klampu ya siti aangalie ndani, ang'oe bakuli la gololi pale uma unapoingilia fremu, achungulie chini ya nyumba ya ekseli ya pedali. Huko brashi ya tapeli huwa haifiki.

Halafu nembo. Hero ya Ludhiana, India, ilianza kutengeneza baiskeli 1956. Flying Pigeon ya Tianjin, China, ni ya 1950. Vita viliisha 1945. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili, na bado watu wanalipa. Kama ina habu (kitovu cha gurudumu) ya giya tatu ya Sturmey-Archer, futa grisi usome: "AW 52 7" maana yake modeli AW, Julai 1952. Habu za Torpedo za Fichtel & Sachs kwenye baiskeli za Kijerumani nazo zimegongwa mwaka kwa tarakimu mbili. Habu hubadilishwa, najua. Basi usiandike "kila kitu orijino".

KAR (King's African Rifles, askari wa Afrika Mashariki chini ya Mwingereza) walipigana Burma kweli, hilo halina ubishi. Ila hadithi ya babu haigongwi kwenye chuma. Kinachogongwa ni ule mshale mpana wa serikali ya Uingereza, na siku hizi nao unaghushiwa. Mshale wa zamani una kutu na mabaki ya rangi ndani ya mistari yake, hali ile ile ya chuma kilichouzunguka. Wa juzi umepigwa juu ya vishimo vya kutu, kingo zake bado kali, na ndani kuna rangi moja tu, ile ya kopo jipya.

Wauzaji wa ile ya kukunja, ya kiwanda cha Kiingereza cha BSA, ya askari wa miamvuli, nyie ndio mmezidi. Mnachukua picha ya Wakanada wakishuka na baiskeli pwani ya Juno, Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, mnaibandika juu ya tangazo, mnadhani imekuwa cheti. Zilitengenezwa zaidi ya 60,000, kwa hiyo hata ile bei ya "imebaki moja duniani" ni uongo. Fremu yake ni ya mabomba membamba mawilimawili yaliyopindwa, inakunjika kwa bawaba mbili, kila bawaba na nati yake ya kipepeo. Pedali si pedali za kawaida, ni vyuma vinavyosukumwa ndani ya krenki ili baiskeli ilale bapa. Namba ya fremu huanza na herufi R.

Baada ya vita BSA waliuza kwa raia baiskeli iliyoitwa Parabike. Umbo la mabomba linafanana lakini HAIKUNJIKI. Wajanja wanaikata katikati na kuchomelea bawaba. Kuitambua ni rahisi: ungio la kiwandani ni la shaba, laini, limezunguka bomba bila magamba. Ulehemu wa umeme una magamba, na bomba jembamba likipigwa umeme huwa dhaifu pembeni mwa ungio, si kwenye ungio lenyewe. Ufa unaanzia hapo. Siku utakayoshuka nayo mlima na fremu ikaachana katikati, nati za kipepeo hazitakusaidia.

Sasa mafundi, na nyie hamponi.

Kwanza, kupiga fremu mchanga kwa kompresa. Namba iliyogongwa juujuu inafutika, na ndiyo ilikuwa ushahidi wote. Mchanga unaingia ndani ya mabomba na unaendelea kumwagikia kwenye gololi miezi na miezi. Pili, rangi ya unga ya kuchomwa kwenye tanuri. Ni nene. Inajaza herufi, inaficha nyufa, siti haishuki tena. Kwenye BSA ya kukunja ni balaa zaidi, maana inakaa kati ya nyuso za bawaba. Unakaza nati, unadhani imeshika chuma, kumbe imeshika rangi. Rangi ikisagika bawaba inalegea na fremu inaanza kucheza. Nyuso za bawaba hazipakwi kitu zaidi ya tone la oili.

Tatu, na hapa ndipo damu inachemka: nyuzi, ile mistari ya kufungia kama ya skrubu. Nyumba ya ekseli ya pedali ya Kiingereza kwa kawaida ina nyuzi 24 kwa inchi. Raleigh walikuwa na zao, 26 kwa inchi, na hata uma wao ni 26. Ukipeleka bakuli la 24 kwenye fremu ya Raleigh linaingia mizunguko miwili hivi kisha linagoma. Kugoma huko ndiko kukuambia si lake. Fundi wetu anachukua spana, anaivika bomba la mita moja, anaegemea. Kwisha fremu. Na bakuli la upande wa mnyororo lina nyuzi za kushoto, linafunguka kwa kuzungusha kama unakaza. Wangapi wameng'oa masikio ya bakuli kwa kutojua hilo?

Jibu la 2, ChumaChakavu:
Mkuu punguza presha. Baiskeli yangu, hela yangu. Ulitaka niiache na kutu ili wewe ufurahi? Mimi naloweka kwenye maji ya betri, saa mbili inatoka nyeupe.

Jibu la 3, mwanzisha uzi:
Nyeupe nje. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Inapenya kwenye maungio, haitoki kwa kusuuza, inaendelea kula bomba kutokea ndani huku wewe unapaka rangi. Springi na spoku ndizo zinaumia zaidi, zinakuwa ngumu na kukatika ghafla.

Kama bado kuna rangi ya zamani chini ya uchafu: mafuta ya taa na kitambaa laini kwanza. Kisha pamba ya chuma ile laini kabisa, namba 0000, iliyolowa oili nyepesi, kwa mkono mwepesi. Msasa uweke mbali. Palipobaki kutu tupu tumia asidi ya oksaliki, gramu 20 hivi kwa lita ya maji, kwenye chombo cha plastiki, glavu mkononi, na uchungulie kila baada ya saa chache. Usiweke alumini humo. Ikitoka, suuza kwa maji yenye magadi, kausha hapo hapo kwa joto, paka oili. Ukiichelewesha inarudi na kutu ya njano. Na siti ya ngozi usiiloweshe oili ya injini, inalegea na kubonyea, hairudi.

Jibu la 4, FundiGololi:
Naunga mkono, na naongeza kotapini, ile pini inayobana krenki kwenye ekseli. Watu wanapiga krenki ikiwa inaning'inia hewani. Kila pigo linaingia kwenye gololi, gololi zinachonga vishimo kwenye bakuli, halafu unashangaa pedali zinakwaruza baada ya kufunga gololi mpya. Tia oili ya kulegezea, iache ilale. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, ili nyuzi zisipondeke. Weka chini ya krenki kipande cha bomba nene kinachosimama sakafuni, pini ikiingia ndani ya tundu lake. Nyundo ya kilo moja, pigo moja la nguvu. Nyundo ndogo mara hamsini inapinda pini tu. Za Kiingereza nyingi ni milimita 9.5, ukilazimisha ya 9 italegea na kukatika. Pini mbili zinatazama pande tofauti, la sivyo krenki hazitakaa mstari mmoja.

Hesabu za gololi, maana wengi wanajaza ovyo: ekseli ya pedali, inchi 1/4, kumi na moja kila upande. Habu ya nyuma, 1/4, tisa kila upande. Habu ya mbele, 3/16, kumi kila upande. Ukiona nafasi ya kuingiza moja zaidi, usiiingize, zitasagana.

Jibu la 5, Spoku40:
Ringi jamani! Baiskeli za Kiingereza za enzi hizo mbele spoku 32, nyuma 40. Mtu ananunua ringi za 36 mbili kwa sababu zinang'aa, halafu anatupa habu ya asili ili zitoshee. Na zile kubwa za 28 x 1½ hazina shida kabisa huku kwetu, ringi za 32 na 40 na tairi zake bado zinauzwa madukani kwa ajili ya baiskeli za mizigo. Shida ni inchi 26. Neno "26" halitoshi: ukipima kipenyo cha ringi pale tairi inapokalia, 26 x 1⅜ ni milimita 590, 26 x 1¼ ni 597, ya baiskeli za milimani ni 559. Haziingiliani. Soma ringi, usisome tangazo.

Jibu la 6, mwanzisha uzi:
Asante wakuu. Wauzaji, kuanzia leo tangazo liwe na picha nne: namba ya fremu kabla ya kupakwa rangi, chini ya nyumba ya ekseli, maandishi ya habu, na kwa ya kukunja, bawaba zikiwa wazi. Asiyeweka tutamuuliza hapo hapo mbele ya wateja wake.