Maji nyuma ya ngoma ya sikio: steroidi ya kumeza, ya puani au ya matone?

Tabibu_Tukuyu
Wakuu, habari za kazi. Mtoto wa miaka 5 ana maji nyuma ya ngoma, masikio yote mawili, wiki ya 6 sasa. Hana homa wala maumivu, ila akiitwa haitiki. Ngoma ni nzima. Mama kauziwa dukani matone ya deksamethasoni, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe). Aendelee nayo, au nimwandikie prednisoloni, steroidi ya kumeza, au ya kupuliza puani?

Sikio_Iringa
Mkuu, ngoma ikiwa nzima matone yanaishia tundu la nje tu. Asitishe. Ya kumeza inafika, lakini faida yake ni haba. Uingereza waliijaribu kwa watoto 389 wa miaka 2 hadi 8, matokeo yakatoka 2018: prednisoloni siku 7, na wiki ya 5 waliosikia vizuri wakawa asilimia 40, waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 33. Tofauti hiyo haitoshi kumpa mtoto steroidi, hasa penye wasiwasi wa TB. Ya puani haiondoi maji. Mpe kama ana aleji ya pua. Yakitimia miezi 3 maji yangalipo, apimwe usikivu. Kwa sasa akae dawati la mbele, na mwalimu amtazame usoni anapoongea.

Mfamasia_Mafinga
Matone yana pake: ngoma iliyotoboka na kutoa usaha. Siprofloksasini (antibiotiki) 0.3% na deksamethasoni 0.1%, matone 4 mara 2 kwa siku, siku 7. Someni chupa jamani! Matone yenye antibiotiki za gentamisini au neomaisini penye ngoma iliyotoboka yanaweza kuua usikivu moja kwa moja.

Kausha kwanza. Sokota kitambaa laini safi kiwe utambi, ingiza, toa, badilisha mpaka utoke mkavu. Usaha ukibaki, dawa haipiti. Chupa ishikwe kiganjani dakika chache, maana kwa baridi ya Juni huku kwetu tone linaleta kizunguzungu papo hapo, mtoto anageuka na dawa inamwagika. Alale ubavu, udondoshe, kisha ubonyeze kile kinyama cha mbele ya tundu mara 4 au 5 mpaka uone dawa inazama.

Tabibu_Tukuyu
Nimeelewa, ahsanteni. Na sindano ya kupitia ngoma?

Sikio_Iringa
Hiyo inatibu sikio la ndani, kama usikivu uliopotea ghafla. Sikio la kati, yaani nyuma ya ngoma, ni njia tu ya kupitishia dawa. Mtoto wako haimhusu.