Naomba ushauri: kuwakinga vijana na ulevi bila mfadhili

Habari wakuu. Wazazi wachache tumeunda kikundi cha kuwakinga vijana na pombe, bangi na vidonge. Wenzangu wanataka semina ya picha za kutisha, watoto waape, basi. Mimi vitisho sina imani navyo. Kijana anaapa huku anamkonyeza mwenzake, jioni yuko kijiweni. Iceland walitumia michezo, muziki na doria za wazazi usiku: wenye miaka 15 na 16 waliokunywa pombe wakalewa ndani ya mwezi uliotangulia walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi 5 mwaka 2016. Ila wao serikali ilitoa hela, sisi hata mpira hatuna!

Mliowahi kufanya hili mlianzia wapi? Na ambaye tayari anatumia, tumchanganye na wenzake au aanze kwa mshauri nasaha?