Kifaa gani cha bei nafuu cha kupima volti za betri kwa laptopu?

kinyozi_koboko
Wakubwa, shikamooni. Nina kibanda cha kunyoa na kuchaji simu hapa Koboko, barabara ya Oraba. Umeme wangu ni wa sola: betri mbili za asidi za 12V nimezifunga mfululizo kupata 24V, halafu inverta. Betri ya upande wa hasi ilikufa baada ya miezi kumi na moja. Nikaweka nyingine. Sasa nayo imeanza kuchoka, na mwenzake wa juu (wa upande wa chanya) yuko imara tu. Aliyeniuzia anasema nazitumikisha kupita kiasi. Haya, mbona inachoka moja?

Nikifungua saa tatu asubuhi jua limeshazipandisha, multimita hainiambii kitu. Nataka laptopu iziandike volti usiku kucha. Mpwa wangu anasema Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta cha kuprogramu, jirani ananionyesha osiloskopu ya USB kwenye simu yake. Nina shilingi 150,000, na kodi ya kibanda iko mlangoni.

afande_mstaafu
Kijana, osiloskopu achana nayo. Hiyo ni ya kutazama mawimbi yanayokwenda mbio, na hizi za bei rahisi nyingi ni za biti 8, yaani hatua 256 basi. Ukiiweka kwenye kipimo cha 40V, kila hatua ni kama 0.16V. Kwa betri ya asidi, hiyo ni kama kupima sukari kwa ndoo.

fundi_arua
Mpwa wako amekosea nusu tu. Arduino Nano nunua, lakini usipimie kwa miguu yake yenyewe. Watu hulalamikia biti 10, kumbe hazina ubaya sana. Ubaya ni kwamba inalinganisha kila kitu na ile 5V ya USB, na laptopu kuukuu haitoi 5V kamili. Ikitoa 4.75V, betri zako za 25V zitasomeka 26.3V. Utalala ukidhani zimeshiba.

Ongeza moduli ndogo ya kupimia volti, ADS1115. Ni ya biti 16, ina milango minne, na volti ya kulinganishia imo ndani ya chipu yenyewe. Kwa kila mlango utakaotumia funga rezista mbili za kugawa volti, 100k juu na 15k chini, ili 30V ishuke hadi 3.9V. Iendeshe kwa 5V na uweke kipimo cha 4.096V. Kila hatua kwenye betri itakuwa kama milivolti moja.

Mlango wa kwanza peleka kwenye waya unaounganisha betri mbili, wa pili kwenye chanya ya juu kabisa. GND (mguu wa sifuri) iende hasi ya betri ya chini. Ya kwanza ndiyo betri ya chini. Ya juu utaipata kwa kutoa. Rezista usiziamini maandishi yake, linganisha kila mlango na multimita yako kisha urekebishe hesabu kwenye programu. Na kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi palepale kwenye nguzo, si mwisho wa waya. Niliwahi kuona waya mwembamba umegeuka kibaniko.

mama_redio
Mimi nina multimita ya UNI-T yenye kebo ya kompyuta, kazi safi. Ila inapima kitu kimoja kwa wakati mmoja, na pesa yako haitoshi. Msikilize fundi.

afande_mstaafu
Swali: hiyo laptopu usiku inakula wapi umeme?

kinyozi_koboko
Kwenye inverta hiyohiyo, mzee. Betri yake haifiki hata saa moja.

afande_mstaafu
Nilihisi hivyo. Inverta za bei ya chini nyingine hazitenganishi upande wa betri na upande wa 240V. Ukiunganisha GND ya laptopu na hasi ya betri, unaweza kuunguza laptopu au wewe mwenyewe. Weka kitenganishi cha USB katikati, zile zenye chipu ya ADuM3160. Na usije ukajaribu rezista hizo kwenye 240V.

kinyozi_koboko
Nimerudi. Vitu vililetwa na basi kutoka Kampala, nikabaki na shilingi 9,000. Siku nzima ilipotea kwa sababu Windows 7 haikuitambua Nano, mpaka mpwa akaweka draiva ya CH340, ile chipu ya USB iliyo kwenye Nano. Sasa programu ya PuTTY kwenye laptopu inaandika mstari wa volti kila sekunde kumi.

Saa nane usiku: betri ya juu 12.5V, ya chini 11.4V. Inverta nilikuwa nimeizima nusu saa kwa makusudi, laptopu ikabaki na betri yake, na bado ya chini iliendelea kushuka polepole. Nikachukua tochi nikafuata nyaya. Kuna waya mwekundu unatoka pale katikati ya betri mbili, unapita juu ya dari mpaka kwenye taa tatu za nje na redio. Zote za 12V.

Waya huo niliuvuta mimi mwenyewe, Krismasi ya mwaka juzi.

fundi_arua
Hahaha! Ung'oe leo. Nunua kishusha volti cha 24 kwenda 12, taa zako zile kwa betri zote mbili. Halafu ya chini uichaji peke yake mpaka ijae kabla hujazirudisha pamoja.