Mume wangu anataka kujitenga na kundi siku moja Yerusalemu. Naombeni ushauri

MamaZawadi_Mikindani
Hamjambo wanajamvi. Mwezi ujao tunasafiri na kundi la kanisa letu kwenda Nchi Takatifu, mimi na mume wangu, siku nane: Nazareti, Galilaya, Bethlehemu, Yerusalemu. Tumeshalipa nusu. Sasa bwana asema Ijumaa tukiwa Yerusalemu atatoka peke yake hadi alasiri. Kiongozi wa kundi amekataa katakata, ati anayetaka kwenda kivyake asisafiri nasi. Silali. Nimsikilize nani?

KijanaLikoni
Ijumaa, peke yake, ugenini? Dada, huko ana mtu.

BabaTabu
Kundi ni kundi. Sisi tulikwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi, ile ya tarehe 3 Juni. Mke wangu akasema anakwenda kununua rozari tu, dakika tano. Umati ule, mama wee! Nilimpata jioni chini ya mti, wamama asiowajua wanamlisha ndizi za kuchemsha, na mimi nimelia mchana kutwa. Tangu siku hiyo tukienda kwenye watu wengi twafungana leso mkononi. Mwambie bwana asitoke.

ShangaziTudor
Mama Zawadi, kwa nini Ijumaa? Sababu waijua. Isema.

MamaZawadi_Mikindani
Haya. Ni Muislamu. Anataka kuswali Ijumaa msikiti wa Al-Aqsa. Sikusema mwanzo kwa sababu nikitaja hilo watu huacha swali na kuanza kuihukumu ndoa yangu. Tulioana kwa kadhi 2009, sikusilimu wala hakunilazimisha. Kila Krismasi hunipeleka kanisani kwa pikipiki na kunisubiri nje hadi ibada iishe. Mtu kama huyo nimnyime Aqsa?

MzeeRabai
Muislamu kuoa Mkristo si haramu kwao, tusimsumbue kwa hilo. Mimi nauliza kwa nini mpande ndege. Rosina, mkewe Krapf yule mmisionari, amelala hapo Nyali tangu 1844. Alizikwa miezi michache tu baada ya kufika, na mtoto wake mchanga pia. Mashahidi wa Mombasa waliuawa 1631 mjini humu humu. Wangapi kwenu mmewahi kusimama kwenye lile kaburi? Kanisa la Rabai ni nauli ya matatu tu.

NuruChangamwe
Mzee, hilo lifungulie uzi wake. Mimi nimefika Yerusalemu mara mbili, nisikize dada. Ijumaa saa tisa mchana (saa kumi majira ya kiangazi) Wafransisko huongoza Njia ya Msalaba, na kundi lenu bila shaka litakuwamo. Kituo cha kwanza kiko karibu na Lango la Simba, na milango ya msikiti iko papo hapo. Akimaliza swala ya mchana atawangojea pale, mtembee vituo vyote kumi na vinne pamoja. Abebe pasipoti, polisi hukagua. Nyinyi hamwezi kumsindikiza ndani, kwani wasio Waislamu hawaingii uwanjani siku ya Ijumaa. Na mkumbushe kiongozi wenu kwamba ufunguo wa Kanisa la Kaburi Takatifu huwekwa na familia ya Kiislamu ya Joudeh, na mlango hufunguliwa na ya Nusseibeh. Atakutana na Waislamu mlangoni kabla hajaliona kaburi.

ShangaziTudor
Asante Nuru. Lakini makundi hayo hupitia pia Kana ya Galilaya, wanandoa wakarudia ahadi zao. Mama Zawadi, hilo mumeo alijua?

MamaZawadi_Mikindani
Hajui. Niliandika majina yetu wote wawili kwenye orodha. Sikuwahi kuvaa shela wala kusimama mbele ya madhabahu, shangazi. Miaka yote nahudhuria harusi za wenzangu nikishika maua yao. Nilidhani tukifika pale, kila mtu amesimama na mwenzake, naye atasimama tu. Si dhambi.

BabaTabu
Hapo umemtega.

Mpelelezi001
Jamani, amkeni. Kwanza siri ya Ijumaa, sasa siri ya Kana, na kila siri ina ratiba ya utalii ndani. Huyu ni wakala. Ngojeni namba ya simu.

KijanaLikoni
Nami nilihisi hivyo.

MamaZawadi_Mikindani
Namba gani? Nimetaja kampuni gani? Pasipoti zetu ziko ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati, pamoja na cheti cha nikahi. Jana nilipoufungua nikaikuta ratiba ameikunja mara nne, na pembeni mwa Ijumaa ameandika kwa penseli: "Muulize Mama Zawadi kama ataudhika." Tangu jana naisoma karatasi hiyo.

Mpelelezi001
Sawa. Samahani dada.

ShangaziTudor
Yeye amekuandikia akuulize. Wewe je?

MamaZawadi_Mikindani
Nimempigia kiongozi ayafute majina yetu kwenye orodha ya Kana. Nimemweleza pia mpango wa Nuru, wa kukutana Lango la Simba saa tisa. Asema atafikiria. Bwana yuko bandarini, zamu yake inaisha saa nne usiku.

NuruChangamwe
Mwekee chai, na ile karatasi iweke mezani.